Kilicho changu kwa Kidenmark: siku nane kutoka Kastrup hadi Aarhus

Siku ya kwanza, Kastrup

Nimeshuka leo kwenye uwanja wa ndege wa Kastrup, nje kidogo ya Copenhagen, nikiwa na daftari lenye sentensi kumi na mbili za Kidenmark ambazo nilizinakili nikiwa bado Arusha. Mpwa wangu ameolewa na Mdenmark mjini Aarhus, na miezi miwili iliyopita walijaliwa mtoto wao wa kwanza. Mama yake, ambaye ni dada yangu, hawezi tena safari ndefu kwa sababu ya magoti, kwa hiyo ukoo umenituma mimi nimwone mtoto na kuwashukuru wakwe. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa muda mrefu, na sikuona vyema kumshukuru mama mkwe wa binti yetu kwa lugha ya tatu, isiyo yangu wala yake, ilhali nilikuwa na siku kadhaa za kujifunza ya kwake.

Sentensi ya kwanza niliitumia kwenye dirisha la uhamiaji. Nilisema Her er min pas, nikikusudia kusema kwamba pasipoti yangu hii hapa. Afisa aliipokea, akaitazama, akasema kwa upole Tak, dit pas er i orden, yaani pasipoti yako haina tatizo. Nililisikia lile dit, nikaelewa kwamba mimi nilipaswa kusema mit. Nusu saa baadaye, sanduku langu lilipokosekana kwenye mkanda wa mizigo, nilikwenda dawatini na kusema kwa uhakika Mit kuffert er ikke kommet, sanduku langu halijafika. Bibi aliyekuwa pale akaniuliza: Din kuffert? Er den stor? Mara hii ikawa din, si dit.

Jioni hii, nikiwa hotelini bila sanduku, nimeketi na kamusi ndogo hadi nikapata kiini cha jambo. Nomino za Kidenmark zimegawanyika katika makundi mawili ambayo sisi tungeyaita ngeli: zile zinazotanguliwa na en, ambazo ni nyingi zaidi, na zile zinazotanguliwa na et. Sanduku ni en kuffert, kwa hiyo ni min kuffert. Pasipoti ni et pas, kwa hiyo ni mit pas. Wingi haujali kundi, bali wote hupata mine: mine kufferter, mine nøgler, masanduku yangu na funguo zangu. Kwa mtu wa pili mmoja ni din, dit na dine kwa utaratibu uleule.

Anayezungumza Kiswahili hana sababu ya kuogopa hapa, maana jambo hili amelinyonya na maziwa. Tunasema kitabu changu, gari langu, nyumba yangu, viti vyangu, na hatumwonei huruma mgeni anayelalamika kwamba neno moja lina sura nyingi. Tofauti ni mpangilio tu. Katika changu, sehemu ya kwanza, ch-, hueleza kitu, na -angu humtaja mwenye kitu. Katika mit, m- humtaja mwenye kitu, na -it hueleza kitu. Kwetu kitu hutangulia ndani ya neno na mwenyewe hufuata. Kwao mwenyewe hutangulia na kitu huja nyuma.

Siku ya pili, Christianshavn

Bila mzigo wa kubeba, nimetembea kutwa nzima. Asubuhi niliingia katika duka la mikate nikitafuta neno la tafadhali, nami sikulipata, kwa kuwa Kidenmark hakina neno moja linalofanya kazi hiyo. Adabu imewekwa ndani ya sentensi. Mtu husema Jeg vil gerne have, ningependa kupata, au hutaja anachotaka kisha akamalizia kwa tak, ambalo ni asante: En kop kaffe, tak. Lakini sentensi niliyoipenda kuliko zote ni Må jeg bede om en kop kaffe, kwa sababu bede om ni kuomba, na kumbe Mdenmark naye akitaka kuwa na adabu husema naomba, kama tunavyosema dukani kwetu. Muuzaji aliponikabidhi kikombe alisema Værsgo, ambalo katika nafasi hiyo ni karibu yetu.

Matamshi ni jambo zito kuliko sarufi. Herufi nyingi huandikwa na hazisemwi. Jeg hutamkwa karibu na yai, mig karibu na mai, hvad ni va, na det ni de. Nilichofanya ni kuandika kila sentensi mara mbili katika daftari, mara moja kama wanavyoiandika wao na mara ya pili kama sikio langu lilivyoisikia kwa tahajia ya Kiswahili, na nikikwama kinywani nasoma ule mstari wa pili.

Bei nayo ilinisimamisha. Niliambiwa femoghalvtreds kroner, nikabaki nimeshika pochi. Ni 55: fem ni tano, og ni na, halvtreds ni hamsini. Moja hutangulia kumi, tofauti na hamsini na tano yetu. Tena halvtreds yenyewe ni kifupisho cha hesabu ya kale ya ishirini-ishirini, kwa maana ya ishirini mbili na nusu. Tres ni ishirini tatu, ndiyo 60, na firs ni ishirini nne, ndiyo 80. Msafiri ashike haya mapema, kwani bei nyingi za kila siku huangukia humo.

Mchana nilivuka daraja hadi Christianshavn. Jina hilo lenyewe ni somo la umilikaji: havn ni bandari, na Christians ni ya Christian, mfalme Christian wa Nne aliyeijenga sehemu hii katika karne ya 17. Hapo pana Vor Frelsers Kirke, Kanisa la Mwokozi Wetu, ambalo mnara wake umezungukwa na ngazi kwa nje kama nyoka aliyejiviringa. Ngazi ni 400, na 150 za mwisho zi wazi kwenye upepo. Sikupanda hadi juu, lakini nilisimama chini muda mrefu nikilitafakari jina. Vor ni -etu ya zamani, ambayo siku hizi imebaki katika majina ya makanisa, katika sala na katika maandishi rasmi. Sala ya Bwana wenyewe huiita Fadervor, Baba Yetu. Katika mazungumzo ya kawaida watu husema vores, na vores haibadiliki hata kidogo: vores hus, vores bil, vores børn, nyumba yetu, gari letu, watoto wetu. Ni hivyo pia kwa jeres, -enu, na deres, -ao. Wanaobadilika ni wa umoja tu.

Siku ya tatu

Mvua kutwa. Sanduku limeletwa hotelini saa nane mchana, na mhudumu wa mapokezi alipouliza Er det din kuffert? nilijibu Ja, det er min kuffert bila kusita.

Siku ya nne, treni ya kwenda Odense

Katika stesheni kuu, ambayo vibao huiandika København H, nilimwuliza mfanyakazi Undskyld, hvornår kører toget til Odense?, treni ya Odense inaondoka saa ngapi, kisha Hvilket spor?, njia namba ngapi. Undskyld ni samahani, na ndilo neno la kufungulia mlango wowote.

Nataka kukaa kidogo juu ya neno toget, kwa sababu limenitatulia tatizo lililonisumbua tangu Kastrup. Ngeli zetu nyingi huonekana usoni: ki- ya kitabu inakwambia changu kabla hujafikiri. Nomino ya Kidenmark haina alama hiyo mbele, bali inafanana na maneno yetu kama gari, ambalo halijitangazi, na ndiyo maana mitaani utasikia gari yangu badala ya gari langu. Hata hivyo, Mdenmark anapotaja kitu kinachojulikana, kile en au et huhamia mwishoni mwa neno. Et tog huwa toget, en billet huwa billetten. Kwa hiyo kila kibao na kila tangazo linaweza kukufundisha. Ukisikia toget, umeshajua kwamba ni mit tog. Ukisoma billetten, umeshajua kwamba ni min billet. Lakini mkia huo hukatwa mara kimilikishi kinapotangulia. Hakuna mit toget, bali mit tog, na ukiongeza sifa, sifa hiyo huchukua -e: min røde kuffert, sanduku langu jekundu, na mit store værelse, chumba changu kikubwa.

Ndani ya behewa nilimkuta kijana kwenye kiti nilichokilipia. Nilimwambia sentensi ya tano ya daftari langu: Undskyld, jeg tror, det er min plads. Samahani, nadhani hiki ni kiti changu. Aliinuka mara moja na kuniomba radhi, na kilichonipendeza ni lile jeg tror, nadhani, ambalo huondoa ukali katika dai la haki.

Treni ilipita chini ya bahari kwa handaki hadi kisiwa kidogo cha Sprogø, kisha ikatokea juu na kuendelea kwa daraja hadi kisiwa cha Fyn. Reli hiyo ya Storebælt, ambalo ni jina la mlango-bahari huo, ilifunguliwa mwaka 1997. Kabla yake treni zilivushwa kwa feri. Mkaguzi alipopita na kuuliza Må jeg se din billet?, nilimpa na kusema Værsgo, akaitika Tak.

Siku ya tano, Odense

Niliamka na kichwa kizito baada ya upepo wa jana. Katika duka la dawa nilitaka kusema kichwa changu, nikashindwa kujua kama ni min au mit, na mfamasia akanifundisha kwamba sikuhitaji chochote kati ya hivyo: Jeg har ondt i hovedet, nina maumivu kichwani. Hovedet ni kichwa kinachojulikana, na kwa kuwa maumivu ni ya msemaji, kichwa hakiwezi kuwa cha jirani. Nasi tunasema naumwa kichwa, hatusemi naumwa kichwa changu. Msafiri aliandike hili karibu na namba ya dharura, ambayo ni 112, na Jeg har ondt i maven, ninaumwa tumbo.

Odense ni mji ambao majina yake yamejaa s ya umilikaji. Kanisa kuu ni Sankt Knuds Kirke, Kanisa la Mtakatifu Knud, ambamo mna mifupa ya mfalme Knud wa Nne aliyeuawa katika mji huu mwaka 1086. Jumba la makumbusho linalovuta wageni wengi ni H.C. Andersens Hus, nyumba ya mwandishi aliyezaliwa hapa mwaka 1805. Andersens huandikwa bila alama ya ritifaa, na wenyeji hulijali hilo. Ritifaa hutumika pale jina lenyewe linapoishia kwa s, x au z, kama Jens'.

Kiunganishi chetu cha -a hutanguliza kitu na kumfuatisha mwenyewe: kanisa la Knud, bandari ya Christian. Kidenmark hugeuza. Nilijaribu kuupanga ukoo wangu kwa njia hiyo. Mtoto ninayekwenda kumwona ni mwana wa binti wa dada yangu, na kwa Kidenmark ni min søsters datters søn. Neno la kwanza la sentensi yangu ndilo la mwisho la kwao na la mwisho langu ndilo la kwanza lao, kama mtu anayeingia katika nyumba ileile kwa mlango wa nyuma.

Siku ya sita, Aarhus

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo wote?”

Alikuwa amesimama kwenye baraza la stesheni na mtoto kifuani, na macho yangu yalilowa kabla sijampa mkono. Mwana anamfanana bibi yake paji la uso. Tulipotoka nje upepo wa bahari ulitupiga, naye akatoa skafu ya sufu kwenye mkoba na kunizungushia shingoni akisema, “Hii ni et tørklæde, Mjomba. Dit tørklæde. Yako.”

Tulikwenda kukaa Dokk1, maktaba kubwa iliyoko bandarini, ambamo kumetundikwa kengele kubwa ya shaba ambayo wazazi katika hospitali ya mji huigonga kwa kubonyeza kitufe mtoto anapozaliwa. Mpwa wangu alisema alibonyeza yeye mwenyewe, na watu waliokuwa wakisoma hapa waliisikia. Mtoto kwa Kidenmark ni et barn, kwa hiyo ni mit barn. Nilimwuliza kama hasikii vibaya mwanawe kuwekwa pamoja na treni na pasipoti, akacheka na kusema kwamba ngeli haipimi thamani, na kwamba nasi tuna rafiki yangu palepale pa nyumba yangu.

Hapo ndipo aliponifundisha sehemu ambayo Kiswahili hakinisaidii, na tuliifanyia kazi hadi jua likatua. Tukisema Amechukua baiskeli yake, msikilizaji hawezi kujua kama ni ya huyo aliyechukua au ya mwingine, mpaka tuongeze mwenyewe au ya yule. Kidenmark hutenganisha tangu mwanzo. Han tog sin cykel: alichukua baiskeli yake mwenyewe. Han tog hans cykel: alichukua baiskeli ya mwanamume mwingine. Katika nchi yenye baiskeli nyingi namna hii, herufi hizo chache hutofautisha mwenye mali na mwizi. Sin hubadilika kama min: sin cykel, sit pas, sine nøgler. Hans, ya mwanamume, na hendes, ya mwanamke, hazibadiliki.

Ana kanuni mbili za kulinda sin isipotee njia. Kwanza, hurejelea mtenda mmoja tu. Wakiwa wengi ni deres: De tog deres cykler. Pili, haiwezi kukaa ndani ya mtenda. Han elsker sin kone, anampenda mkewe, ni sahihi. Lakini Yeye na mkewe wanakuja ni Han og hans kone kommer, kwa kuwa hapo mke naye ni mtenda. Nilikosea mara nne kwa kuhesabu, naye akanirudisha kila mara kwa utulivu niliotamani ningekuwa nao darasani miaka yangu ya mwanzo. Aliniambia pia kwamba katika lahaja za jadi za Jutland, rasi ambako Aarhus iko, wazee wengi hutumia hans hata pale ambapo vitabu vinataka sin, hivyo nisishangae kesho.

Siku ya saba, kwa wakwe

Nilivaa kanzu na koti. Mama mkwe alitupokea mlangoni kwa Velkommen na kuniita du, wewe, nami nilikuwa nimeonywa. Ipo De ya heshima na Deres yake, lakini kwa watu wa kawaida imekaribia kwisha. Wanafunzi huwaita walimu du, na familia ya kifalme ndiyo inayobaki na De. Kwa mtu aliyelelewa kwa shikamoo ni vigumu, lakini niliona heshima yao imekaa kwingine, katika kumwacha mgeni amalize sentensi yake hata akichelewa.

Kosa langu la usiku huu lilikuwa la hans na hendes. Nikimsifu mpwa wangu nilisema hans mand, mume wake, nami nikamaanisha mume wa binti. Yeye na -ake zetu hazitofautishi mume na mke, na ulimi haukukumbuka. Baba mkwe akasema taratibu hendes mand, nikarudia. Hutamkwa henes, d ikimezwa.

Lakini nilipojitambulisha nilipata furaha nisiyoitarajia. Daftari langu lilikuwa na neno onkel, ambalo hutumika kwa jumla. Mama mkwe aliuliza: wa upande wa mama au wa baba? Kidenmark kina morbror, kaka wa mama, na farbror, kaka wa baba; kina moster, dada wa mama, na faster, dada wa baba. Mimi ni morbror, mjomba barabara. Jeg er hendes morbror, nilisema, na mezani pote wakaitikia kwa vichwa. Bibi mzaa mama ni mormor, na jina hilo sasa ni la dada yangu kule Arusha.

Tulipomaliza kula nilisema Tak for mad, asante kwa chakula, kama inavyompasa kila aliyekula, na mwenyeji akajibu Velbekomme. Kisha nikasimama. Sentensi zangu zilikuwa tatu, na nilikuwa nimezirudia tangu alfajiri. Tak, fordi I passer på min søsters datter. Asanteni kwa kumtunza binti wa dada yangu. Jeres søn er nu vores søn. Mwana wenu sasa ni mwana wetu. Ya tatu nilikuwa nimeikusudia kumhusu mtoto, lakini sikuifikia, kwa sababu mama mkwe alikwisha kuinuka na kunishika mikono miwili, akasema Og jeres datter er vores. Aliacha neno datter la pili, akakomea kwenye vores, na hapakuwa na mtu pale aliyehitaji kuambiwa ni nani.

Siku ya nane, Vejle

Mpwa wangu alinisindikiza hadi ndani ya behewa, tukaagana, nami nikakaa dirishani na skafu yangu shingoni. Kijana aliyeketi mbele yangu alishuka Vejle. Kwenye kiti chake palibaki skafu ya kijivu, karibu na sanduku langu jekundu nililoliegemeza hapo. Mama mmoja aliyeingia, akitaka nafasi, aliniuliza bila kutaja kitu: Er det dit?

Vitu vilikuwa viwili na swali halikuwa na nomino. Lakini angelikuwa anauliza sanduku angesema din. Alisema dit, kwa hiyo aliuliza tørklæde, kama mtu wa kwetu anavyouliza Ni chako? nawe ukajua anasema kiti, si meza. Nilijibu Nej, det er ikke mit. Kufferten er min. Akatazama nje, akamwona kijana anatembea kwenye baraza, akasema Så har han glemt sit tørklæde.

Sit: yake mwenyewe. Niliichukua, nikaenda mlangoni ambao ulikuwa bado wazi, nikapaza sauti: Undskyld! Er det dit tørklæde? Aligeuka, akajishika shingo, akarudi mbio.

“Ja, det er mit. Tusind tak!”

“Selv tak,” nikamjibu, na mlango ukafunga.